Barua ya wazi kwa Bodi ya Filamu: kilichorekodiwa Pangani kirudi Pangani

Kwa Katibu Mtendaji wa Bodi ya Filamu Tanzania, kwa wizara yenye dhamana ya sanaa, na kwa wakurugenzi wa halmashauri za mwambao, kuanzia Mkinga hadi Mtwara.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Kazi iendelee, na iliyonileta kwenu ni moja tu. Naomba kila kibali cha kurekodi filamu au tamthilia katika wilaya za mwambao kiwe na sharti jipya: kazi ikishakamilika, irudi pale iliporekodiwa na ionyeshwe hadharani, bila kiingilio, kwa wenyeji. Uzinduzi wa Dar es Salaam na mazulia yake mekundu uendelee, hatuna ugomvi nao. Ila kama lokesheni ilikuwa Kipumbwi, kijiji cha huku Pangani, basi na watu wa Kipumbwi wafungiwe turubai jeupe, wakae, waone.

Sisi tunaoishi huku tumezoea kuwa mandhari. Wanaokuja na kamera wana sababu zinazoeleweka. Mto Pangani unaingia baharini ukiwa mpana, majumba ya zamani mjini yamebaki kuta zinazopendeza kwenye picha, kuna minazi, mashamba ya mkonge, mchanga wa Ushongo, na kule kusini Hifadhi ya Saadani ambako wanyama wa porini wanashuka hadi ufukweni. Kilwa wana magofu yao ya Kisiwani na Songo Mnara, yaliyo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981. Mafia wana papa potwe wao. Kwa miaka mingi kilichotulinda, na wakati huohuo kutuchelewesha, kilikuwa barabara. Sasa lami inajengwa kutoka Tanga kupita Pangani na Saadani hadi Bagamoyo, pamoja na daraja juu ya mto. Ikikamilika, kampuni ya Dar itaweza kuja asubuhi, ikashuti, ikarudi kulala kwao. Ndiyo maana naandika sasa, magari yakiwa bado machache.

Ngoja niwape mfano. Kampuni moja, ambayo sina haja ya kuitaja, ilikuja kurekodi tamthilia huku kwetu. Wakataka tukio la mvuvi anayeagana na mkewe alfajiri kabla ya kuingia baharini. Mwanzo wa tukio maji yamejaa, ngalawa inaelea, mawimbi yanampiga yule mama miguuni. Mume anageuka kumpungia mkono, na nyuma yake maji yamekupwa: ngalawa imelala topeni na kaa wanajitembelea. Anageuka tena ili apande, maji yameshajaa. Siku za bamvua bahari yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita hivi. Kwa hesabu hiyo yule bwana alianza kuaga alfajiri, akafika adhuhuri, akamaliza magharibi. Labda ndiyo yale mapenzi ya Tanga yanayosifiwa. Nahodha mwenye ngalawa alikuwepo siku nzima. Alikaa chini ya mkungu kwa sababu aliambiwa asisogelee kamera, na hakuna aliyemfuata kumuuliza maji yanarudi saa ngapi.

Kwenye tamthilia hiyohiyo kuna harusi. Bibi harusi kavalishwa kanga iliyopinduliwa, jina liko kichwa chini, na ukiinamisha shingo kulisoma unakuta ni maneno ya kumsuta mke mwenza. Anayeolewa ni msichana, mke wa kwanza, kwa mume asiye na mke mwingine. Akina mama walioiona walicheka mpaka wakashika mbavu, kisha kicheko kikaisha na mmoja akasema kwa hasira kwamba wangemuuliza hata mtoto.

Tuliionaje? Kwa kubahatisha. Kijana mmoja alinunua bando, akaipakua vipande vipande, ikazunguka simu kwa simu. Majina yalipopita mwishoni, aliyekodisha magari alikuwepo, na aliyewapamba wasanii alikuwepo. Nahodha hakuwepo. Pangani yenyewe haikuwepo. Kijiji kilipewa jina la kutunga, na hata kwenye shukrani hatukuguswa.

Sidai kwamba watu hawa walikuja kwa nia mbaya. Wana haraka, wana bajeti ndogo, na wanajua mtazamaji wao yuko Dodoma, Mbeya au Mwanza, hana habari na kupwa wala kujaa. Wakikosea, hawapati hasara yoyote. Lakini dairekta anayejua kwamba miezi kadhaa baadaye atasimama mbele ya watu wa Kipumbwi, nahodha akiwa mstari wa mbele na wajukuu zake, huyo atauliza saa za maji. Atauliza kanga inafungwaje. Ninyi mnapitia muswada andishi kabla ya kutoa kibali, na filamu mnaikagua na kuipangia daraja kabla haijatoka, lakini ofisini hakuna wa kuona kwamba ngalawa imetweka tanga katikati ya tope. Mkaguzi wa jambo hilo yupo huku na hahitaji posho. Mleteeni kazi aione.

Liko jambo zito kuliko maji na kanga. Ukifuata hadithi zinazoletwa pwani utadhani huku hatufanyi kazi. Kuna mganga aliyejifunga kaniki, kuna jini la kike linalotoka baharini usiku, kuna mke anayemlisha mumewe limbwata, na kuna tajiri wa mjini anayekuja kupumzika akamkuta binti wa kijiji mtoni. Hadithi za majini zitungwe, sina neno. Zimo katika masimulizi yetu, na wapo mabibi huku wanaozisimulia vizuri kuliko skripti yoyote niliyowahi kuiona. Tatizo ni pale zinapokuwa ndizo pekee. Mvuvi wa Pangani ana ugomvi wa nyavu, ana bei ya mafuta ya mashine, ana mpaka wa hifadhi, ana mtoto aliyefaulu na hajui sare itatoka wapi. Mkata mkonge ana yake ya mgongo na ujira. Hayo nayo ni maigizo tosha, tena hayahitaji kumpaka mtu unga usoni.

Na historia je? Mwaka 1888 kampuni ya Kijerumani ilimleta Pangani mtu aitwaye Emil von Zelewski aje kuushika mji. Ubabe wake, pamoja na kuuvunjia msikiti heshima kama simulizi zinavyoeleza, ulichochea vita vilivyosambaa mwambao mzima chini ya Abushiri bin Salim, mwenye shamba la miwa hapahapa. Abushiri alikamatwa na kunyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Zelewski naye hakufika mbali: Agosti 1891 aliongoza kikosi cha Wajerumani kwenda Uhehe, na askari wa Mkwawa wakamuulia Lugalo. Mwandishi wa skripti aniambie angetunga mwisho gani unaoushinda huo. Walioleta kamera mpaka sasa wanapita mbele ya Boma bila kusimama, wanatafuta mbuyu wenye mzimu.

Ninachoomba kiliwahi kufanyika, tena katika mkoa huuhuu wa Tanga. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza waliendesha mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, makao yake yakiwa Vugiri, kwenye milima ya Usambara. Walitengeneza filamu zipatazo 35, waigizaji wakiwa watu wa vijijini, na sauti zikarekodiwa kwenye sahani za santuri kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo. Kisha wakapakia projekta na jenereta kwenye lori, wakazunguka Afrika Mashariki kuzionyesha. Nyingi zilikuwa za kutufundisha, zikiwamo za kulipa kodi na kuweka akiba posta, na jinsi zilivyomchora Mwafrika si jambo la kujivunia. Lakini lori lilifika kijijini. Leo projekta inaingia kwenye mkoba wa begani, na filamu nzima inakaa kwenye kitu kidogo kuliko kidole.

Hata ndani ya wilaya mfano upo. UZIKWASA, shirika lenye makao yake hapa Pangani na ndilo lililoanzisha redio ya Pangani FM, limetengeneza filamu pamoja na wenyeji: Fimbo ya Baba, Chukua Pipi, na mwaka 2015 Aisha, iliyoongozwa na Chande Omar. Aisha ni hadithi nzito ya mwanamke anayebakwa kijijini na watu wakataka yaishe kimya kimya. Mnazi ukionekana mle, umeonekana kwa sababu mtu anapita chini yake akiwa na shida zake. Filamu hizi zilizungushwa vijijini, watu wakakaa wakatazama, wakajadiliana viongozi wao wakiwepo. Wapo waliojiona na hawakupenda walichokiona, na mjadala ukapata moto hapo. Hivyo ndivyo ninavyoielewa faida ya kurudisha kazi: mwenyeji anapata nafasi ya kujibu.

Bagamoyo wanayo tamthilia ya Siri ya Mtungi ya mwaka 2012, ambamo mji wao unaonekana kama mji wa watu wanaoishi. Zanzibar wanayo filamu ya Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi na kufika tamasha la Toronto mwaka 2021. Nimejiuliza kwa nini kwao mambo yanakwenda vizuri zaidi, na jibu nililolipata ni hili: Bagamoyo wana TaSUBa, chuo cha sanaa na utamaduni, na Zanzibar wana tamasha la filamu la ZIFF tangu 1998. Anayewachora vibaya anajua atakutana nao ukumbini. Sisi wa mbali, Pangani, Kilwa, Lindi, Mafia, ukumbi hatuna, kwa hiyo anayetuchora hana anayemwogopa.

Serikali yenyewe inaijua nguvu ya kuonyesha. Royal Tour, filamu ya kuitangaza nchi kwa watalii, ilipokamilika Aprili 2022 ilizinduliwa Marekani, halafu ikaletwa Arusha, Zanzibar na Dar es Salaam, na Rais mwenyewe akawepo. Aliyepanga hivyo alifahamu kwamba haitoshi wageni kuiona nchi bila wenye nchi nao kuiona. Naomba mantiki hiyohiyo kwa kiwango cha kata.

Kwa upande wa sheria hamuanzi sifuri. Marekebisho ya mwaka 2019 ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 yanamtaka mtengenezaji wa kigeni aliyeitumia nchi yetu kama lokesheni akabidhi nakala ya kazi yake pamoja na picha ghafi. Basi nakala ipitilize mpaka wilayani. Na sharti limguse wa ndani pia, maana huyo ndiye anayekuja mara nyingi na ndiye anayedhani hatuhitaji kuombwa kwa kuwa sote ni Watanzania.

Najua maprodyuza watasema nini. Watasema gharama. Turubai jeupe au ukuta uliopakwa chokaa, projekta, spika mbili, jenereta na mafuta ya saa tatu: sidhani kama inafikia bili ya kulaza timu ya kushuti usiku mmoja. Tena vijijini wapo wenye vibanda umiza vya kuonyeshea video, wana vifaa vyao na wamezoea kuhudumia watu usiku. Walipwe hao, hela ibaki huku. Watasema wizi, kwamba kazi itanaswa kwa simu na kuvuja. Hofu hiyo ni ya haki, na dawa yake ni kupanga onyesho lifanyike baada ya kazi kuingia sokoni, tuseme ndani ya miezi mitatu, na projekta iendeshwe na mtu wao. Watasema watahamia wilaya nyingine isiyo na usumbufu. Kwa sababu hiyo nimewaandikia wakurugenzi wote wa mwambao badala ya wa kwangu peke yake; sharti likiwa Pangani tu, watavuka kwenda Mkinga na tutabaki tunagombana wenyewe kwa wenyewe.

Kuna sharti la pili ambalo lingeweza kuandikwa kwenye karatasi hiyohiyo, nalo linahusu taa. Kisiwa cha Maziwe, kilicho mbele yetu, siku hizi ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa sana, na kasa bado wanapanda kutaga. Kwa kuwa mayai yangezama, huhamishiwa ufukwe wa Ushongo yakaanguliwe huko. Mtoto wa kasa akitoka mchangani usiku hufuata upande wenye mwanga zaidi, ambao kwa kawaida ni baharini. Wekeni taa kubwa za filamu nyuma ya ufukwe usiku huo, naye atapanda kuelekea kwenye minazi, akutane na kunguru asubuhi. Hili halitokani na roho mbaya. Mtu wa taa hajaambiwa, na kibali alichonacho mkononi hakisemi kitu. Mwaka 1999 watu wa kampuni ya Kimarekani walirekodi filamu kwenye ghuba la Maya nchini Thailand, wakasawazisha mchanga na kupanda minazi ili ufukwe ufanane na ule waliouwaza. Umaarufu ukaleta watalii wengi kupita kiasi, matumbawe yakaumia, na mwaka 2018 serikali ikalazimika kuufunga ufukwe hadi mwanzoni mwa 2022. Sisi hatujafika huko. Mstari mmoja wa kuzima taa kuelekea ufukweni msimu wa kuangua, na mwingine wa kuwasiliana kwanza na walinzi wa kasa wa kijiji, inatosha kwa sasa.

Kuhusu vijana wetu wanaotaka kutengeneza zao wenyewe, nitasema kidogo tu kwa sababu inastahili barua yake. Akitaka kurekodi Saadani anakwenda TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, akitaka Maziwe ni Hifadhi za Bahari, akitaka magofu ni Mambo ya Kale, halafu ninyi, halafu halmashauri. Kampuni kubwa ina mtu wa kuzunguka na mafaili. Kijana mwenye kamera ya kuazima hana. Afisa utamaduni wa wilaya angepewa mamlaka ya kupokea maombi yote hayo kwa niaba yenu, wengi wangeacha kujificha vichakani kushuti kama wezi.

Wakati mnafikiria mabadiliko ya kanuni, lipo la kufanywa mwezi huu bila kusubiri kikao. Vibali mlivyotoa kwa ajili ya Pangani viko kwenye mafaili yenu. Orodhesheni kazi zilizokwisha kutoka, waandikieni wenye nazo kuomba ridhaa ya onyesho moja la bure, na majibu yakija yafikishwe kwa afisa utamaduni apange na serikali za vijiji. Atakayekataa, jina lake likumbukwe atakapoomba tena. Tarehe msiiweke kwenye giza, wavuvi wa dagaa watakuwa kazini na taa zao. Wekeni siku za mbalamwezi, ambapo wako nyumbani, na iwe baada ya sala ya Isha. Dairekta akaribishwe, alazwe, alishwe, na baada ya filamu apewe kiti mbele ili aulizwe maswali. Kwa waliotuonyesha kwa haki, maswali yatakuwa mepesi.

Nakala ya barua hii naipeleka kwa mkono katika ofisi ya Mkurugenzi wa Halmashauri ya Wilaya ya Pangani, igongwe muhuri wa kupokelewa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa Pangani